Sikupeleka jeneza Mikindani

Nimeamka leo nakuta meseji sabini na kitu. Kuna mtu wa Masasi, sijawahi hata kumuona, ananipa pole ya msiba. Mwingine anauliza kama ni kweli marehemu alipiga honi. Binamu yangu wa Nachingwea yeye hakuandika neno, katuma picha ya jeneza lenye matairi.

Haya. Chanzo nakijua. Ni sauti ya dakika nne inayozunguka kwenye simu, kwamba Ijumaa nilipeleka jeneza Mikindani. Mwenye sauti ni rafiki yangu mmoja ambaye humu nitamwita Redio, maana akisikia jambo saa mbili, saa tatu linajulikana mpaka Kilambo, kwenye pantoni ya mto Ruvuma. Redio alikuwamo kwenye gari. Alikaa katikati siti ya nyuma, kapakata sinia. Kwa hiyo ni shahidi, sikatai. Ila Redio huwa anatia chumvi, na safari hii kamimina gunia. Ndiyo maana naandika leo leo, kabla gundi haijatoka kwenye nywele.

Sikupeleka jeneza. Nilipeleka posa.

Mnaonifuata humu mnaijua IST yangu, ile Toyota ndogo. Nje safi, ndani aibu. Ilikuja kutoka Japani na silingi nzuri ya kijivu, yaani dari ya ndani ya gari, lakini jua la Mtwara na unyevu wa bahari havina adabu. Kile kitambaa cha silingi kina sponji nyembamba kwa nyuma, na hiyo sponji ndiyo inayokufa. Inageuka unga. Kitambaa kikikosa cha kukishika kinashuka, nikawa naendesha huku kinanipapasa utosi kama kinanibariki. Nikakibana kwa pini za mitandio za dada zangu. Nyumba nzima ikakosa pini, na silingi ikatuna kati ya pini na pini kama maandazi kwenye karai.

Mnada wa pili wa korosho ulipolipa, hela ya ile mikorosho aliyoniachia marehemu baba nikaigawa mafungu mawili: la mchumba na la gari. (Mchumba, kama umefika hapa, la gari lilikuwa dogo.)

Siti nilipeleka kwa fundi, na siti zilitoka. Leza nyeusi, ngozi ile, uzi mwekundu, mshono wa almasi, ukikaa unajisikia una nyumba Shangani kwa wenye hela. Kosa langu siku ile lilikuwa moja tu, kusaidia. Nilichomoa plagi ya njano chini ya siti huku swichi imewashwa. Fundi alishika kichwa. Ile ya njano ni ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga, haiguswi mpaka betri itolewe na usubiri kidogo. Tangu siku hiyo kwenye dashibodi inawaka taa ya yule mtu aliyekaa kapakata tikiti maji. Nimeizoea. Namsalimia kila asubuhi.

Tukaja kwenye silingi. Fundi akasema laki na nusu, tena nisubiri wiki nzima kitambaa kitoke Dar, kwa sababu lazima kiwe kile chenye sponji nyuma. Na gundi iwe ya kuhimili joto. "Hii ya kawaida ikipigwa na jua inalainika, bosi." Nikamuona mwizi. Laki na nusu kubandika kitambaa? Mimi darasa la tatu nilikuwa najalidi madaftari ya darasa zima.

Na kusema kweli, kilichoniponza si bei. Kilichoniponza ni nyota.

Mmeziona zile video za magari ya matajiri, akina Rolls-Royce, juu kuna nyota kama mbingu ya Msimbati usiku umeme ukikatika. Zile ni nyuzi za mwanga, mamia kwa mamia, kila uzi umepenyezwa kwenye tundu lake kwa mkono. Mimi nikaenda sokoni nikanunua taa za waya za kupambia kumbi za harusi, elfu kumi na mbili, zina mitindo minane ya kuwaka. Wa kwanza unatulia. Wa nane ni wazimu. Nikanunua na velveti mita tatu, rangi ya damu ya mzee. Muuzaji akauliza, "Pazia?" Nikamwambia, "Gari." Akaniangalia, akakata.

Gundi nikachukua kwa fundi viatu. Kopo zima, ile ya njano, inayonuka mpaka unaanza kuwasamehe watu waliokukosea.

Jumatano usiku nikaanza. Kutoa silingi ya gari si mchezo, msinidharau. Unafungua vile vibao vya kuzuia jua, mishikio ya juu ya milango, taa ya ndani, halafu zile plastiki za kwenye nguzo, ambazo hushikwa na klipu zilizokuwa nzima mpaka mimi nilipofika. Unalaza siti, unaitoa bodi kwa nyuma, kwenye buti, taratibu, maana ikivunjika mgongo ndiyo basi. Hiyo sehemu niliifanya vizuri sana. Naomba iandikwe.

Ukishabandua kitambaa cha zamani, bodi inabaki na ule unga wa sponji, wa njano, umeng'ang'ania. Unatakiwa uusugue kwa brashi mpaka bodi iwe tupu. Nilisugua robo yake. Mkono ukauma, umeme ukakatika, nikajiambia gundi itashika tu. Sasa hebu piga hesabu: gundi imeshika unga, unga haujashika kitu. Ni kumkopesha mtu kwa dhamana ya jirani ambaye naye anadaiwa. Juu ya huo mkopo nikaweka velveti, nzito ile, haina sponji, na waya wa taa umepita nyuma yake wote.

Alhamisi ilipendeza, nyie! Redio mwenyewe alikuja, akalala kwenye siti, akaangalia juu, akasema, "Mwanangu, hii si gari, hii ni pepo." Maneno yake hayo. Kwenye ile sauti yake ya dakika nne mnayosambaziana hayamo.

Ijumaa ndiyo siku ya posa. Kwa kawaida muoaji haendi. Wanakwenda wazee, wewe unabaki nyumbani unatafuna kucha. Dereva alikuwa binamu yangu mwenye Noah, lakini asubuhi akapata mteja wa Newala, na mteja wa Newala msimu wa korosho haachwi. Mjomba akakuna kichwa, akasema, "Basi utatuendesha wewe. Utatushusha mbali, ugeuze, upotee. Wasikuone."

Tukaanzia msikitini, Chikongola. Gari nikaiegesha palipobaki nafasi, yaani juani. Vioo nikapandisha vyote, vumbi lisije likakaa kwenye leza. Nje ilikuwa kama nyuzi 32. Gari iliyofungwa vioo kwenye jua la namna hiyo ndani inavuka 50 ndani ya saa moja, na bati la juu ndiyo usiseme, unakaanga yai. Hotuba ilikuwa ndefu. Nilikuwa safu ya tatu naomba dua ya heri, na hatua hamsini kutoka pale gundi ya viatu ilikuwa inarudi kuwa uji.

Tukapanda. Mbele kakaa shekhe wa mtaa, kanzu nyeupe pe, ndevu nyeupe, ndiye msemaji wetu. Nyuma upande wa kushoto mjomba na kofia yake ya mkono, ile aliyodariziwa na marehemu bibi, anaivaa mara mbili kwa mwaka. Kulia mama mkubwa, kilemba kimepanda kama mnara wa simu. Katikati Redio na sinia, ndani ya sinia barua ya posa na hela ya kufungulia mdomo, juu kitambaa cheupe.

Nikawasha nyota. Mtindo wa kwanza, wa utulivu. Shekhe akatazama juu, akasema, "Mashaallah." Nyie, nilivimba! Nilivimba mpaka mkanda ukabana.

Mikindani ni kilomita kumi tu. Tulipopita Mangamba, mama mkubwa akaanza kujikung'uta bega. "We mtoto, gari yako ina mchwa?"

"Hapana, mama mkubwa."

"Mbona inamwaga unga?"

Nikatazama kwenye kioo. Unga wa njano, mwembamba, unadondoka kama pilipili ya unga kwenye muhogo, umetua kwenye kilemba, umetua kwenye kofia ya mjomba, na Redio kaufunika mkono juu ya sinia kama mtu anayezuia nzi. Yeye alikuwa anaangalia juu. Alikwishaona. Naye hakusema kitu! Hili nalo kwenye sauti yake halimo.

Nikasema ni vumbi la barabarani. Vioo vimefungwa, barabara ni lami. Shekhe akakohoa kwa adabu.

Sasa tumeingia Mikindani. Anayeijua anajua: ghuba upande mmoja, nyumba za zamani za mawe, Boma la Mjerumani la 1895 limekaa juu linakutazama, na vichochoro ambavyo kila baraza lina watu na kila mtu hana haraka. Mpango ulikuwa nisimame mbali. Mjomba akasema goti linauma, sogea kidogo. Nikasogea. Mama mkubwa akasema kiatu chake si cha kutembelea mchangani, sogea tena. Nikasogea mpaka nikawa mbele ya mlango wa wakwe zangu kabisa, kina mama wamejaa barazani wamevaa sare, na bibi mzaa mama wa mchumba kakaa kwenye kigoda mbele ya wote, mkongojo mkononi.

Mbele ya ile nyumba kuna kamfereji. Kadogo. Hata baiskeli inakavuka bila kuuliza.

Tairi za mbele zikavuka, tap. Silingi ikatulia. Nikashusha pumzi. Tairi za nyuma zikavuka, tap, na hapo ndipo nikasikia sauti ambayo mpaka leo nikifumba macho naisikia. Si kishindo. Ni ile sauti ya kubandua plasta kwenye mguu wenye vinyweleo, ila ndefu, na haina haraka: krrrrrrrr.

Ilianzia nyuma. Kwenye kioo nikaona mama mkubwa anapotea. Hakupiga kelele, alipotea tu, kuanzia juu kwenda chini, kama jua linavyozama. Mjomba akawahi kuinua mkono kukinga, velveti ikaunasa mkono, ikaushusha. Redio akainama juu ya sinia, na hilo namshukuru, barua haikupata gundi. Halafu ile damu ya mzee ikaanza kuja mbele, taratibu, wimbi kabisa, na nyota zake zinawaka. Shekhe alikuwa amekwishaanza kuzungusha shingo aone kuna nini. Ikampokea usoni. Ndevu za shekhe, ndugu zangu. Nilizisikia zinashika.

Mwisho ikanifikia mimi. Giza jekundu, joto, harufu ya kiatu kipya. Mguu nikaukandamiza breki, gari ikagota, kifua changu kikalala kwenye usukani, juu ya honi. Piiiiiiii. Na katika kukukuru ile mtu akagusa kile kidude cha taa. Nadhani goti la mjomba. Ikaenda mtindo wa nane.

Sasa toka nje ya gari usimame barazani na wale kina mama. Unasubiri wageni wa posa. Inafika IST, inasimama mlangoni, ndani watu watano wamefunikwa velveti, wanawakawaka kama mgodi, na honi haikatiki. Utafanyaje? Walipiga vigelegele. Kwa moyo mmoja. Walidhani ndivyo tulivyokusudia.

Ila bibi hakupiga. Nilimsikia vizuri, maana ndani ya velveti masikio yanakuwa makali. Aligonga mkongojo, akasema, "Nyamazeni kwanza! Hawa mbona wamekuja na bibi harusi wao kafunikwa tayari? Wetu si yumo ndani?"

Redio, umesikia? Hakuna aliyesema jeneza. Walisema bibi harusi. Na kama una akili utaona kwamba hiyo ni mbaya zaidi.

Nikajaribu kuinua kitambaa, kikaja na nywele. Nyuma mama mkubwa anasema, "Usivute! Kilemba! Usivute!" Mjomba anatafuta kitasa, na milango ya nyuma nilikuwa nimeiweka ile loki ya watoto kwa sababu ya mpwa wangu, haifunguki kwa ndani. Kwa hiyo wazee wa ukoo wangu walikuwa wamefungiwa, gizani, wanamulikwa. Shekhe peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Alikuwa kimya muda mrefu, nikaanza kuogopa. Kisha ikatoka sauti yake chini ya velveti, ya upole kabisa, sauti ile ile ya hotuba:

"Kijana wangu, hizi nyota zinazimiwa wapi?"

Sikuweza kumjibu. Sikuwa na mdomo.

Waliotutoa ni vijana wa pale mtaani na shangazi mmoja wa mchumba mwenye mikono ya kubandua pweza mwambani. Walimtoa shekhe kwanza, akashuka na kipande cha nyekundu kidevuni, akasema asalaam alaikum kana kwamba ndivyo alivyotoka nyumbani. Akashuka mama mkubwa, kilemba kimebaki ndani ya gari. Akashuka mjomba, na kofia ya marehemu bibi imegundishwa kwenye silingi mpaka ikakatwa kwa mkasi pamoja na nyota mbili. Mimi, ambaye sikutakiwa kuonekana, nikatolewa wa mwisho, nimesimamishwa katikati ya ua na unga wa njano kuanzia nyusi mpaka viatu. Mchumba alikuwa dirishani. Aliziba mdomo kwa mtandio. Sijui alikuwa analia au anafanya nini, mabega yalikuwa yanatikisika.

Kulikuwa na watalii wawili wanapita wametoka Boma, wakapiga picha. Redio, badala ya kusaidia, akawaelezea kwa mikono kwamba hii ni mila. Kwa hiyo kuna watu huko Ulaya leo wanaamini Mtwara posa hupelekwa hivi.

Mengine hayana maneno. Posa ilisomwa, ikapokelewa. Ikaja faini ya kuchelewa, ikaja faini ya muoaji kuonekana, halafu bibi akaongeza ya tatu aliyoitaja kuwa ni ya kutushtua, elfu thelathini, akakataa kupunguza. Mjomba alilipa huku ananiangalia. Gundi kwenye ndevu ilitoka kwa mafuta ya nazi, si yote. Kofia naulizia nani anadarizi za mkono, mwenye kumjua fundi mzuri anishtue. Jumatatu nilikwenda kwa fundi silingi, nikamkuta anakunywa chai. Hakuniuliza kitu. Alitoa simu, akabonyeza, nikasikia sauti ya Redio. Bei sasa ni laki mbili.

Velveti haikurudi. Bibi alisema mahameli nzuri kama hii haitupwi, akaizuia pamoja na waya wake. Jana usiku mchumba kanitumia picha. Bibi kaagiza ishonwe mito miwili, kaiweka sebuleni, moja kwenye kiti chake na moja kwenye kiti ambacho kaambia wajukuu wasikikalie, ni cha mkwe. Kawaambia na waya wachomeke.

Nimewauliza unawaka mtindo wa ngapi. Wa nane.